Kofia kwanza, daraja lisubiri

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Morogoro. Mwaka juzi niling'olewa gego la chini upande wa kushoto na pengo likabaki hivyo hivyo. Mwaka jana gego la juu kulia liliniuma sana, nikatibiwa mzizi na jino likazibwa. Mwezi uliopita nilikuwa natafuna bisi, kipande cha ukuta wa jino hilo kikameguka, ila haliniumi. Daktari amesema lile la juu livalishwe kofia, na pengo la chini liwekewe daraja la meno matatu. Kwa hilo daraja itabidi achonge meno mawili ya jirani. La nyuma ya pengo lilishazibwa sehemu kubwa zamani, lakini la mbele yake ni zima kabisa. Nimeogopa. Shemeji yangu anasema kofia huozesha jino kwa ndani, na kwamba jino lililokufa dawa yake ni kung'oa tu. Jirani naye anamjua fundi anayebandika jino kwa siku moja kwa bei ndogo. Pesa yangu haitoshi kufanya yote. Nianze na lipi? Na je, ni lazima jino zima lichongwe?"

Marahaba, dada yangu. Hapo una mambo mawili tofauti ambayo yamewekwa kwenye bei moja, na ndiyo maana yanakuelemea. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate: gego la juu lina haraka, pengo la chini halina. Pesa uliyonayo iende kwenye kofia, yaani ganda gumu linalofunika sehemu yote ya jino iliyo juu ya fizi. Na jino lako zima lisiguswe hadi uelezwe njia nyingine zote za kushughulikia pengo na uridhike kwamba daraja ndilo linalokufaa.

Tuanze na huyo shemeji. Daktari anapotibu mzizi hutoboa jino kutoka juu, hutoa mshipa ulioharibika ndani, husafisha mifereji ya mizizi na kuijaza. Baada ya hapo jino halisikii tena baridi wala moto, na watu husema limekufa. Lakini jino halishikiliwi taya­ni na mshipa ule. Linashikiliwa na nyuzinyuzi ndogo zinazounganisha mzizi na mfupa, na hizo hulishwa na damu kutoka nje ya jino. Bado ni hai. Jaribu mwenyewe: ukikutana na kijiwe kwenye wali, jino lililotibiwa mzizi litakijua kama mengine. Hakuna sababu ya kung'oa jino ambalo mizizi yake imejazwa vizuri na mfupa wake uko salama.

Watu wengi pia wanaamini kwamba jino lililotibiwa mzizi hukauka, na ndiyo maana huvunjika. Sababu yenyewe ni nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulipima ukakamavu wa meno katika kila hatua ya matibabu. Kutibu mzizi peke yake kulipunguza ukakamavu kwa takriban asilimia 5. Kupotea kwa kuta za mbele na nyuma za jino kulipunguza kwa zaidi ya asilimia 60. Na gego linalofikia hatua ya kutibiwa mzizi kwa kawaida limeshaliwa na uozo hadi kuta hizo zimekwenda.

Gego la juu lina vilele upande wa shavu na vilele upande wa ndani. Kila unapouma kitu kigumu, chakula kinaingia katikati na kuvisukuma vilele hivyo vitengane. Kuta za mbele na nyuma ndizo zinazovishika pamoja. Zikishatoka, dawa ya kuzibia iliyowekwa katikati hujaza shimo tu, haivishiki vilele kwa nguvu ileile. Siku moja bisi, siku nyingine mfupa wa kuku, ufa unafunguka. Ukiishia juu ya fizi, kama wako ulivyofanya kwa bahati, jino linatengenezeka. Ukishuka katikati ya mizizi, hakuna kofia itakayoliokoa, na hapo ndipo maneno ya shemeji yako yanakuwa kweli.

Kofia hufanya kazi ya ile pete ya chuma kwenye mpini wa patasi. Fundi anapiga nyundo, mti unataka kupasuka, pete inaubana. Lakini pete haibani hewa. Daktari anahitaji jino lenyewe, siyo dawa ya kuzibia, libaki juu ya fizi kwa kimo cha milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka pande zote, ili ukingo wa kofia ulikumbatie. Ndiyo sababu nasema una haraka. Kipande kimoja kimeshamomonyoka. Kikitoka kingine upande wa pili kikafika chini ya fizi, itabidi kwanza fizi na mfupa vipunguzwe kwa upasuaji mdogo ili jino lipate kimo, au jino ling'olewe. Utafiti mwingine, wa mwaka 2002, ulionyesha kwamba meno yaliyotibiwa mzizi yasiyovalishwa kofia yalipotea kwa kasi mara sita ya yale yaliyovalishwa. Na usitegemee maumivu yakukumbushe. Mshipa haupo, jino litaharibika kimyakimya.

Kama hata kofia haiwezekani mwezi huu, mwombe daktari afanye jambo moja la gharama ndogo: apunguze vilele vilivyobaki na kuvifunika kwa dawa nyeupe ya kuzibia. Siyo suluhisho la miaka, ila linakupa miezi ya kukusanya pesa. Kwa sasa tafunia upande mwingine, na bisi uwaachie watoto.

Sasa hili la kofia kuozesha jino. Kofia haiozi na haiozeshi. Kinachooza ni jino lililo chini yake, na uozo huanzia mahali pamoja, kwenye mstari ambapo ukingo wa kofia unakutana na jino karibu na fizi. Ukingo ukikaa sawasawa na ukapigwa mswaki kila siku, kofia hukaa miaka mingi. Ukingo ukiwa umeachana na jino, hata kwa nafasi ndogo usiyoiona kwa macho, chakula na bakteria vinapata makazi. Watu huja kung'olewa jino lenye kofia, wanaona weusi ndani, wanahitimisha kwamba kofia ndiyo iliyofanya. Mara nyingi ni kofia iliyokaa vibaya, au fizi isiyopigwa mswaki, au uozo ambao haukusafishwa ukafunikwa hivyo hivyo. Jino lako halina mshipa wa kupiga kelele, kwa hiyo hata baada ya kofia litahitaji picha ya eksirei kila baada ya muda atakaokupangia daktari.

Kwenye kiti chenyewe mambo huenda hivi. Kabla ya yote, eksirei ya jino hilo ipigwe upya ili kuhakikisha mizizi imejazwa hadi mwisho na hakuna usaha kwenye mfupa. Usikubali kofia iwekwe bila picha hiyo, maana kutibu mzizi upya kupitia kofia mpya ni hasara mara mbili. Kisha jino hupunguzwa pande zote, milimita 1 hadi 2 kutegemea aina ya kofia. Huchukuliwa chapa ya meno kwa dawa laini inayoganda mdomoni, au kwa kamera kama kliniki inayo, na chapa hiyo hupelekwa maabara. Wewe unaondoka na kofia ya muda ya plastiki. Ukirudi, kofia halisi hujaribiwa kabla ya kugandishwa, na hapo ndipo mgonjwa mwerevu huwa msumbufu. Daktari atakupa karatasi yenye wino uing'ate, aone wapi pamegusa zaidi. Ukihisi jino hilo linatangulia mengine, hata kidogo, sema. Usimwonee haya. Kofia iliyo juu kidogo tu itakuletea maumivu ya kutafuna ndani ya wiki, na kuipunguza wakati huo huchukua dakika chache.

Kuhusu aina: kauri iliyopakwa juu ya chuma imetumika kwa miongo mingi na kwa gego inatosha kabisa. Baada ya miaka, fizi ikishuka, unaweza kuona mstari wa kijivu ukingoni, lakini kwa gego la nyuma nani atauona? Zirkonia, aina ya kauri, ni ngumu sana na haina chuma ndani, na inamfaa pia mtu ambaye ngozi yake huvimba akivaa hereni au saa za bei rahisi, kwa kuwa vyuma vingi vya kofia vina nikeli. Dhahabu bado ni nzuri mno kwa gego, haili jino linalokutana nayo, ingawa sizungumzii yale maganda ya urembo ambayo hubandikwa juu ya jino la mbele lisilo na tatizo. Ushauri wangu ni kwamba usilipe ziada kwa jina la kofia. Lipia ukingo uliokaa vizuri.

Tuhamie kwenye pengo, na hapa ndipo nina maneno mengi.

Daraja ni kofia mbili zilizoshikana na jino bandia katikati. Kofia mbili huvikwa meno ya jirani, jino la kati huning'inia juu ya fizi. Haliingii kwenye mfupa. Ili daraja liingie, meno yote mawili yanayolibeba lazima yachongwe yatazame upande mmoja. Pengo lako lina miaka miwili, na gego la nyuma ya pengo huwa na tabia ya kuinama mbele polepole likijaza nafasi, huku jino la juu likishuka. Kama lako limeshainama sana, daktari atalazimika kuchonga zaidi ili lilingane na mwenzake. Hilo linaonekana kwenye picha na kwenye chapa ya meno, na una haki ya kuonyeshwa.

Kuchongwa kwa ajili ya kofia siyo kukwaruzwa. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba kofia nzima inaweza kuchukua karibu theluthi mbili, wakati mwingine zaidi, ya sehemu ya jino iliyo juu ya fizi. Enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, haioti tena. Na jino lililo hai likichongwa, mshipa wake unapata mshtuko. Watafiti wa Hong Kong walichapisha mwaka 2005 matokeo ya kufuatilia meno hai yaliyovalishwa kauri juu ya chuma. Baada ya miaka 10, mishipa ilikuwa imekufa katika takriban meno 15 kwa kila 100 yenye kofia za peke yake, lakini kwa meno yanayobeba daraja idadi ilikaribia 30. Kwa maneno mengine, jino lako zima la mbele ya pengo lina uwezekano wa kweli wa kuja kuhitaji matibabu ya mzizi kwa sababu ya jino lisilokuwepo.

Sitaki ukimbie daraja kwa takwimu hiyo. Daraja zuri hukaa. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi umeonyesha kwamba takriban madaraja 9 kati ya 10 huwa bado yamo mdomoni baada ya miaka 10. Na kama meno yote mawili ya jirani yangekuwa yameharibika, ningekuambia liwekwe, kwa sababu yangehitaji kofia hata hivyo. Kwako, la nyuma linaweza kufaidika, la mbele linapoteza tu. Ndiyo maana nasita.

Zipo njia tatu nyingine.

Kwanza, kuliacha pengo. Usicheke, ni matibabu yanayokubalika. Watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, waliwachunguza Watanzania wazima zaidi ya 800, wengi wao wakiwa wamepoteza magego, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Waliobaki na magego madogo yote, yale yaliyo kati ya chonge na magego makubwa, pamoja na angalau jozi moja ya magego yanayokutana walitafuna vya kutosha. Wewe umepoteza jino moja. Kama hujawahi kuhangaika kula upande huo, na jino la juu halijashuka sana, unaweza kukaa na pengo hilo huku daktari akilipima kila mwaka kwa kulinganisha na chapa ya leo. Ikionekana meno yanahama, mtajadiliana tena.

Pili, jino la kuvaa na kuvua. Ni la bei nafuu zaidi na halidai kuchonga, au linadai kidogo sana. Ubaya wake ni kwamba kwa pengo la jino moja la nyuma wengi hulivaa wiki mbili kisha likaishia kabatini. Likiwa la plastiki tupu, dogo na lisilo na vishikizo imara, linaweza kumezwa au hata kuingia njia ya hewa usingizini. Ukilichagua, livuliwe kila usiku na lisafishwe.

Tatu, jino la kupandikiza: skrubu ya titani inayowekwa ndani ya mfupa wa taya, ikaachwa miezi kadhaa ishikane na mfupa, kisha ikavalishwa kofia. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa na mtafiti Per-Ingvar Brånemark huko Gothenburg, Uswidi, mwaka 1965, kwa hiyo siyo jambo la majaribio. Majirani hawaguswi kabisa, na kwa pengo kama lako, katikati ya meno mawili ambayo moja ni zima, ndiyo njia ninayoipenda kama pesa ingekuwepo. Masharti yake ni mfupa wa kutosha (baada ya kung'oa, upana wa mfupa hupungua sana, hasa mwaka wa kwanza), sukari iliyodhibitiwa kama una kisukari, fizi zisizo na ugonjwa, na kutovuta sigara. Gharama yake ni kubwa kuliko daraja katika kliniki nyingi. Lakini kwa kuwa pengo halikusukumi, unaweza kuikusanya taratibu ukiwa umeshaokoa jino la juu.

Huyo fundi wa siku moja, tafadhali muache. Kazi yenyewe naijua kwa matokeo yake. Plastiki ya kujigandia huchanganywa, hukandikwa kwenye pengo ikiwa bado laini, na kuachwa igande ikiwa imeyakumbatia meno ya jirani na kukandamiza fizi. Haitoki, haisafishiki. Inapopoa inabaki imejifunga chini ya meno kama vile ilivyomwagwa, na mswaki hauna pa kupita. Baada ya mwaka fizi inatoka damu na usaha, meno mawili yaliyokuwa mazima yanatikisika, na mtu aliyetafuta jino moja anapoteza matatu. Anayechonga au kugandisha chochote mdomoni mwako awe daktari wa meno aliyesajiliwa. Nchini Tanzania usajili uko Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya kuna baraza lake la madaktari na madaktari wa meno. Kuuliza namba ya usajili siyo utovu wa adabu. Kama tatizo ni bei, kliniki za vyuo vinavyofundisha udaktari wa meno, kama Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS) Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi, hupokea wagonjwa wanaohudumiwa na wanafunzi chini ya walimu wao. Huwa inachukua muda mrefu zaidi kwenye kiti, lakini kila hatua inakaguliwa.

Ukirudi kwa daktari wako, mwambie wazi unataka bei ya kofia peke yake, tofauti na ya daraja. Uliza kama bei hiyo inajumlisha eksirei, kofia ya muda na marekebisho ya baadaye, na kama una bima, pata jibu lao kwa maandishi kabla ya jino kuchongwa, siyo baada. Mwulize pia kama gego lililo nyuma ya pengo nalo linahitaji kofia kwa hali yake lenyewe. Akikuambia daraja ndilo pekee linalowezekana, aeleze kwa nini. Huenda kuna jambo kwenye picha zako ambalo mimi silioni kutoka hapa, na katika hilo yeye aliyekuangalia mdomoni ana neno zito kuliko langu.

Siku utakapovaa kofia, au daraja kama mtafikia huko, mswaki pekee hautoshi. Ukingo wa kofia husafishwa kwa uzi wa meno, na chini ya daraja unahitaji uzi mnene wenye ncha ngumu, au vibrashi vidogo vya katikati ya meno, unaopitishwa chini ya jino bandia kutoka upande wa shavu hadi wa ulimi. Mswaki wa mti haufiki hapo. Fanya usiku kabla ya kulala. Nusa uzi ukitoka. Ukiwa na harufu mbaya siku baada ya siku mahali palepale, hata bila maumivu, nenda ukaangaliwe, kwa kuwa mara nyingi harufu hutangulia picha na maumivu yote. Na kama mumeo amewahi kukuambia unasaga meno usingizini, mwambie daktari kabla hajachagua aina ya kofia, kwani utahitaji kinga ya plastiki ya kuvaa usiku.

Kofia ikichomoka, usiigandishe kwa gundi ya dukani. Ioshe, iweke kwenye kikopo, uende nayo ndani ya siku chache, kwa sababu mara nyingi hiyo hiyo hurudishwa. Jino likianza kuuma ukiling'ata, au kijipu kikitokea kwenye fizi juu yake, panga miadi wiki hiyo hiyo na usijinunulie antibayotiki. Lakini uso ukivimba, uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukashindwa kufungua mdomo vizuri, ukapata homa, au kumeza na kupumua kukawa kwa shida, hayo si ya kliniki ya meno wala ya kusubiri asubuhi: nenda hospitali kubwa iliyo karibu, usiku huo huo.